Kompyuta Ikilala, Nani Anabaki Macho Ndani ya Linux?

Umefunga laptopu jioni betri ikiwa asilimia 80, ukaitia kwenye begi, ukapanda daladala. Unafika nyumbani begi lina joto kama hotipoti ya wali, feni inavuma, betri imebaki robo. Ulidhani kompyuta imelala. Ilijaribu kulala, ikashindwa, ikakesha humo begini bila kumwambia mtu.

Mimi yalinikuta, na kwa wiki nzima nikailaumu betri. Siku nilipofungua kumbukumbu za mfumo nikakuta mstari wenye maneno "refusing to freeze". Kuna aliyekataa kuganda. Alikuwa programu moja tu ya kusoma mafaili, iliyokuwa ikisubiri jibu kutoka kompyuta nyingine niliyoiunganisha kwa sshfs, programu ya kufungua mafaili ya kompyuta ya mbali kana kwamba yako hapa, na ambayo nilishaiacha ofisini. Programu moja inasubiri, na mashine nzima inakosa usingizi.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia kinachotokea kati ya kufunga kifuniko na skrini kuwa nyeusi. Ni sekunde mbili tatu, lakini ndani yake kuna ugomvi ambao watengenezaji wa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo chenye kusimamia programu na vifaa, wameurudia kwa zaidi ya miaka 15: kazi zinazoendelea chini kwa chini, nani azisimamishe? Kerneli izigandishe zote kwa mkupuo, au kila aliyewasha jiko azime la kwake?

Tuanze na safari yenyewe. Ukiomba usingizi, kerneli kwanza humalizia kuandika kwenye diski data zilizokuwa zikisubiri. Kisha hugandisha programu za mtumiaji, halafu baadhi ya thredi zake yenyewe, yaani kazi zinazokwenda sambamba ndani yake. Ndipo huvilaza vifaa, hatua kwa hatua: kadi ya mtandao, sauti, diski, vidhibiti. Katika usingizi mzito, ule unaoandikwa "deep" ndani ya /sys/power/mem_sleep, huzima prosesa zote ikabaki moja, na hiyo moja ndiyo hukabidhi mashine kwa maunzi. Kuamka ni njia ile ile kwa kurudi nyuma, kwa hiyo aliyegandishwa mwanzo huganduliwa mwisho. Ukumbuke mpangilio huo, maana balaa kubwa nitakayoisimulia hapa chini imetokana nao.

Programu za mtumiaji ndizo rahisi. Wagumu ni wale usiowaona. Andika ps -e uone majina kama kswapd0, jbd2, ksoftirqd na kundi la kworker. Hizi ni thredi za kerneli. kswapd0 hutafuta nafasi ya kuachia RAM ikibana. jbd2 huandika jarida la mfumo wa mafaili wa ext4. Hao kworker ni vibarua, hufanya chochote wanachopewa na draiva yoyote, yaani programu inayoendesha kifaa. Hakuna anayewafungua wala kuwafunga kwa mkono, na kufunga kifuniko hakuwahusu mpaka mtu awaambie.

Ndani ya friji

Sehemu ya kerneli inayogandisha inaitwa freezer, na kitendakazi ambamo anayegandishwa huingia na kukaa kinaitwa, bila mzaha, __refrigerator. Programu ya kawaida haina hiari. Kerneli huitumia ishara ya uongo. Programu inaposhtuka kwenda kuishughulikia, inajikuta frijini kabla haijarudi kwenye shughuli zake.

Thredi ya kerneli haisikilizi ishara za namna hiyo. Inagandishwa kwa ridhaa: iwe imetangaza mwanzoni, kwa kuita set_freezable(), kwamba inakubali kugandishwa, na kila mzunguko wa kazi yake iite try_to_freeze(), yaani iulize "muda wa kulala umefika?" Isipotangaza, inaachwa macho.

Haikuwa hivyo siku zote. Hadi mwaka 2007 kila thredi ya kerneli ilihesabiwa kuwa ya kugandishwa, na asiyetaka alitakiwa kujitoa. Katika toleo la 2.6.23 Rafael Wysocki, ambaye mpaka leo ndiye msimamizi wa mambo ya umeme katika Linux, aliigeuza kanuni: asiyesema kitu haguswi. Kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi wa busara. Thredi nyingi hazina madhara yoyote zikiachwa, na baadhi zinahitajika wakati wenyewe wa kulaza vifaa. Ukimgandisha anayetakiwa kukusaidia kufunga mlango, mlango haufungiki.

Mwaka 2022 ramani ya ndani ilichorwa upya. Peter Zijlstra aliandika tena moyo wa freezer, na kuanzia toleo la 6.1 kuganda kukawa hali kamili ya thredi, kama kulala au kukimbia, badala ya alama iliyobandikwa pembeni. Kwa mtumiaji hakuna kilichobadilika machoni.

Muda wa kugandisha una kikomo: sekunde 20. Utauona kwenye faili /sys/power/pm_freeze_timeout, umeandikwa 20000 kwa milisekunde. Mmoja tu akigoma mpaka muda ukaisha, kerneli huwagandua wote, huandika jina la mgomaji kwenye kumbukumbu, na kuahirisha usingizi. Ndicho kilichonipata. sshfs ni programu ya mtumiaji kama zingine, kwa hiyo iligandishwa mapema. Ile programu ya mafaili ilikuwa ndani ya kerneli inasubiri jibu la sshfs, na subira ya aina hiyo haikatizwi na ishara ya uongo. Anayesubiriwa yuko frijini, anayemsubiri hawezi kuingia frijini mpaka ajibiwe.

Kwa nini basi kugandisha kabisa? Sababu nzito kuliko zote inatoka kwenye usingizi wa diski, ule ambao kerneli hupiga picha ya RAM nzima, ikaihifadhi kwenye diski, kisha umeme ukazimwa kabisa. Picha ikishapigwa, inakumbuka mfumo wa mafaili ulivyokuwa dakika ile. Kama thredi fulani itaendelea kuandika kwenye diski baada ya picha, siku ya kuamka RAM itasema moja na diski itasema jingine, na kerneli itaiamini RAM. Hapo mafaili yako yanaharibika kimya kimya. Sababu ya pili ni kwamba programu iliyo macho inaweza kukiomba kazi kifaa ambacho kimeshalazwa.

Ila tazama: katika usingizi wa kawaida, ule wa kufunga kifuniko, RAM haizimwi. Hakuna picha, hakuna hadithi mbili. Dawa iliyopikwa kwa ajili ya usingizi wa diski ikanyweshwa usingizi wa aina zote, na hapo ndipo wakosoaji wa freezer wanapoanzia hoja yao.

Mafundi na vitabu vya oda

Sasa tufike kwa vibarua, kworker. Zamani draiva iliyotaka kufanya kazi pembeni iliunda foleni yake na thredi zake, mara nyingi moja kwa kila prosesa. Mashine ikajaa thredi zinazosinzia. Mwaka 2010, katika toleo la 2.6.36, Tejun Heo alileta mpango mpya: foleni zibaki nyingi, lakini vibarua wawe wa pamoja. Fikiria karakana ya kushona yenye vitabu vya oda kumi na mafundi wanne. Kila kitabu kina mteja wake, lakini fundi yeyote aliye huru huchukua oda inayofuata, iwe ya kitabu chochote.

Utamu wake ni kuokoa rasilimali. Ugumu wake, kwa mada yetu, ni kwamba huwezi tena kumgandisha fundi, kwa sababu hujui anashona ya nani. Unachoweza ni kufunga kitabu. Foleni iliyoundwa kwa alama ya WQ_FREEZABLE, kerneli inapolala, idadi ya kazi inazoruhusiwa kuendesha kwa pamoja hushushwa hadi sifuri. Iliyo mkononi mwa fundi inamaliziwa. Inayoingia baada ya hapo inapokelewa na kukaa kwenye foleni, lakini haiguswi mpaka asubuhi. Ipo pia foleni ya umma ya namna hiyo, system_freezable_wq, kwa asiyetaka kuunda yake.

Inasikika kama suluhisho la kila kitu. Bandika alama, nenda ukalale. Nimeona draiva kadhaa zilizobandikwa WQ_FREEZABLE baada ya mtu kuripoti hitilafu ya kuamka, kama mtu anayebandika plasta bila kuangalia kidonda.

Kisa kinachonifundisha zaidi ni cha diski. Mwaka 2013 ilibainika kwamba baadhi ya mashine zilikwama zikiamka: skrini nyeusi, hakuna kurudi. Chanzo chake ni hiki. Laptopu imelala, diski ya SATA imechomolewa au imekufa. Mashine inaamka, libata, sehemu ya kerneli inayosimamia diski za SATA, inakuta diski haipo, inaamua kuifuta kwenye orodha. Kufuta diski kunataka kwanza data iliyokuwa ikisubiri kuandikwa imalizwe au itupwe, na kazi hiyo hufanywa kupitia foleni iitwayo bdi_wq. Foleni hiyo ilikuwa na alama ya WQ_FREEZABLE. Imefungwa. Itafunguliwa lini? Vifaa vyote vikishaamka. Na vifaa vitamaliza kuamka lini? Diski ile ikishafutwa.

Hakuna aliyekosea peke yake. libata ilifanya sawa, foleni ilifanya sawa, freezer ilifanya sawa. Kila mmoja alikuwa amesimama mlangoni akimwambia mwenzake "tangulia wewe."

Tejun Heo, yule yule mwenye mpango wa vibarua wa pamoja, aliandika kiraka: libata izunguke ikisubiri, bila kuanza kufuta diski, mpaka freezer iwe imemaliza shughuli zake. Juu ya kiraka hicho aliweka maelezo ya wazi kwamba ni ujanja mbaya, na kwamba haoni suluhisho la kweli pungufu ya kuziondoa kabisa thredi na foleni zinazogandishwa. Nakiri napenda msimbo wenye ungwana wa namna hiyo. Anayejua kwamba kazi yake ni ya muda, na akaiandika hivyo, humrahisishia anayekuja baada yake.

Aliyekuja baada yake alifika miaka 6 baadaye. Diski za NVMe zilikuwa zimeanza kuunganishwa kwa waya wa Thunderbolt, na watu huchomoa waya huo laptopu ikiwa imelala kama wanavyochomoa chaja. Mkwamo ukarudi kwa mlango mwingine, na safari hii libata haikuwemo, kwa hiyo kiraka chake hakikusaidia. Mwaka 2019 Mika Westerberg wa Intel aliondoa alama ya WQ_FREEZABLE kwenye bdi_wq. Mabadiliko yaliingia toleo la 5.4, na kile kiraka cha libata kikang'olewa pamoja nayo. Neno moja lilifutwa, na mkwamo wa miaka 6 ukakatika.

Kutoka hapo kuna jambo ambalo mwandishi wa draiva anapaswa kulijua kama anavyojua jina lake: usiisubiri kazi iliyo kwenye foleni iliyogandishwa. Ukiita flush_work() ndani ya hatua ya kulaza au kuamsha kifaa, na kazi hiyo imekaa kwenye foleni iliyofungwa, utasubiri milele. Ukiita cancel_work_sync(), kazi ambayo haijaanza hutolewa tu kwenye foleni na unaendelea na safari. Herufi chache zinatofautisha hayo mawili.

Kuzima jiko lako

Tuchukue mfano wa kila siku: draiva inayopima betri. Kila baada ya sekunde kadhaa inauliza chipu ya betri, kupitia I2C, njia ya mawasiliano kati ya chipu, chaji imebaki kiasi gani. Imetumia kazi ya kucheleweshwa, ambayo ikimaliza inajipanga tena yenyewe. Kila simu na kila laptopu ina kitu cha namna hii.

Kerneli hulaza vifaa kwa kufuata ukoo: mtoto kabla ya mzazi. Chipu ya betri ni mtoto wa kidhibiti cha I2C, kwa hiyo draiva ya betri huitwa kwanza ilale, kidhibiti baadaye. Draiva yenye adabu, ikiitwa, huita cancel_delayed_work_sync(). Hiyo huondoa kazi iliyopangwa, na kama fundi anaishona sasa hivi humsubiri amalize, pia huizuia isijipange upya katikati. Kidhibiti kikija kulazwa, hakuna anayekihitaji. Asubuhi, draiva hupanga kazi upya.

Draiva isiyofanya hivyo huacha kipima muda kinahesabu. Kidhibiti kimeshalala, muda unafika, kibarua anaenda kugonga mlango wa mtu aliyelala. Katika kerneli za leo utaona onyo "Transfer while suspended" kwenye kumbukumbu. Hiyo ni bahati. Kwenye baadhi ya chipu za ARM, kugusa rejista za kifaa ambacho saa yake imezimwa kunaweza kuigandisha mashine nzima, na hapo hakuna kumbukumbu wala onyo.

Kuna mtego mwingine nyuma ya huo. Umeshafuta kazi, umeridhika, halafu kikatizo, yaani ishara ya kifaa ya kuiita prosesa, kinaingia kutoka kwenye chipu ile ile na kishughulikiaji chake kinapanga kazi upya. Kerneli huzima vikatizo vya vifaa katika hatua ya baadaye, si hapo. Kwa hiyo mpangilio ni muhimu: zima chanzo kwanza, kikatizo au kipima muda, ndipo ufute kazi. Tangu toleo la 6.10 la mwaka 2024 ipo njia safi zaidi, disable_work_sync(): kazi ikishazimwa hivyo, anayejaribu kuipanga anakataliwa mpaka iwashwe tena.

Asubuhi nako kuna mambo yake, na nitayapitia haraka. Vipima muda vya foleni huhesabu kwa mapigo ya kerneli, jiffies, na mapigo hayo husimama mashine ikilala. Kazi iliyobakiza sekunde 10 usiku saa 4 itabakiza sekunde 10 vile vile ukifungua kifuniko saa 12 asubuhi. Kama kazi yako ni kupima joto la chipu, sawa. Kama ni kuhuisha cheti cha mtandao kilichokwisha muda usiku, utashangaa. Mwenye haja ya muda halisi atumie saa ya CLOCK_BOOTTIME, ambayo huhesabu na usingizi, tofauti na CLOCK_MONOTONIC.

Simu zina tatizo jingine. Ujumbe wa M-Pesa unaingia. Modemu inapiga kikatizo. Draiva inaweka kazi kwenye foleni ili isome ujumbe. Kwa bahati mbaya dakika ile ile simu inaenda kulala. Kazi inakwama kwenye foleni iliyofungwa, na wewe uko dukani unasubiri muujiza wa mtandao huku pesa zimeshafika mfukoni. Android ilianza kwa kufuli zake za kuzuia usingizi, zilizozua mabishano makali na watu wa kerneli kuu. Toleo la 2.6.36 la 2010 likaleta hesabu ya matukio ya kuamsha, /sys/power/wakeup_count: mfumo husoma namba, huiandika tena kabla ya kulala, na kama kuna tukio limeingia katikati, usingizi hukataliwa. Draiva nayo huita pm_stay_awake() mara kikatizo kinapoingia na pm_relax() ikimaliza kusoma. Toleo la 3.5 la 2012 likaongeza usingizi wa kujianza wenyewe, unaoheshimu matangazo hayo.

Kama unataka kujua mashine yako inakwama wapi, usianze kwa kuilaza kabisa. Andika neno freezer kwenye /sys/power/pm_test, kisha mem kwenye /sys/power/state. Kerneli itagandisha kila anayegandishwa, itangoja sekunde 5, itagandua, na kurudi. Ukipita hapo, jaribu devices, kisha platform, processors na core, kila moja ikienda hatua moja mbele zaidi. Inapokwama freezer, mtuhumiwa ni programu, thredi au foleni. Inapokwama devices, mtuhumiwa ni draiva, na faili la last_failed_dev ndani ya /sys/power/suspend_stats litakutajia jina la kifaa. Ukimaliza usisahau kurudisha none, la sivyo utaifunga laptopu usiku na itaamka yenyewe baada ya sekunde 5 huku ukiilaani tena betri.

Ya kwangu iliisha kwa hati fupi niliyoiweka kwenye saraka ya /usr/lib/systemd/system-sleep. Systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, huiita kwa neno pre kabla ya kulala na post baada ya kuamka. Ikisikia pre inaita fusermount -uz na kuuondoa ule muunganisho wa sshfs, awe yupo anayeusubiri au hayupo. Mistari minne. Begi sasa linafika nyumbani baridi, na betri ile niliyoituhumu bado ninaitumia.